Mahandaki Niliyochimba kwa Jina la Kaka

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba univumilie nikianza na lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, kwa sababu nisipoanza nalo nitazunguka mpaka karatasi iishe: siku kaka yangu aliposema mbele ya baba kwamba kazi yangu ni kazi yake, mimi niliyekuwa nimesimama palepale na sinia mkononi sikukasirika, nilishukuru. Hasira ilikuja baadaye, na sasa imeingia na haitaki kutoka, lakini ya kwanza kufika ilikuwa shukrani, na hiyo ndiyo inayonifanya nishindwe kukaa kitako, maana mtu aliyeibiwa hashukuru, au sivyo?

Ngoja nieleze vizuri. Nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari, shuleni tunafundishwa kwa lugha nyingine na nyumbani tunaongea Kiswahili, na hilo utaona lina uzito wake. Baba ni fundi vioo, karakana yake iko mbele ya nyumba, na vioo vinavyosubiri wenyewe vimeegemezwa kwenye kuta za korido huku na huku, kwa hiyo kwetu kila mtu anatembea ubavuubavu, hata wageni wakizoea wanatembea hivyo, na marufuku kukimbia hata kama nyumba inaungua. Mama yuko mapokezi kwenye kliniki ya meno iliyo karibu na ofisi yenu, ndiyo maana barua hii nitaidondosha mwenyewe kwenye sanduku lenu la mlangoni. Kaka yuko chuoni. Mwaka jana alifeli, akaambiwa arudie mwaka, na tangu hapo baba anaongea naye kama anavyoongea na mteja asiyemjua, kwa adabu, na hiyo adabu inatuumiza wote kuliko kama angegomba. Nyumbani mimi naitwa Kimya, jina alilonibandika kaka, na yeye anaitwa Mbavu, jina nililombandika mimi kulipiza, kwa sababu ni mwembamba mno.

Sasa kuna gemu moja la kompyuta la vita vya kale, unapanga majeshi kwenye ramani, wenye mikuki huku, wapanda farasi kule, kisha unawaachia wapambane. Wachezaji wenyewe ndio wanaliongezea mambo, watu wa nchi nyingi ambao hawajawahi kuonana, mmoja anachora ngao, mwingine anatengeneza mito, hakuna anayelipwa, wanapenda tu. Kaka alijiunga, akacheza muhula mmoja, akachoka. Nikamwomba nywila yake, akasema, "Chukua, Kimya, mimi huko nimeshahama." Nikaingia kwa jina lake, Mbavu, nikabaki humo.

Na kulikuwa na kitu kinanikera kwenye gemu lile, mshauri, kinanikera mpaka darasani. Majeshi yanakutana uwanjani kama timu za mpira, pametandazwa nyasi, hakuna aliyejiandaa, wakati kitabu chetu cha historia kinasema askari wa Kirumi wakifika mahali pa kulala hawalali, wanachimba kwanza, wanazungushia kambi handaki, udongo wa handaki unatupwa upande wa ndani unakuwa tuta, na juu ya tuta wanapanga vigingi. Mahali pengine walichimba mashimo madogo, chini yake wakasimika mti uliochongwa ncha, wakafunika kwa majani, na farasi akija mbio haoni kitu mpaka amefika. Nikajiuliza, iweje kwenye gemu lote hili la vita vya kale hakuna hata mtu mmoja mwenye jembe? Nikauliza kwenye kundi. Msimamizi wa kundi akajibu, "Mbavu, ukiweza kuyatengeneza, yatengeneze." Basi nikayatengeneza.

Ilinilia likizo nzima na muhula uliofuata. Kompyuta yetu iko stoo, kati ya maboksi na nyasi kavu za kufungia vioo, na humo ndimo nilimojifunza kuandika programu, kwa kukosea. Nilipokwama kwenye tuta, kwa sababu sikujua handaki la kina fulani linatoa tuta la urefu gani, nilichukua jembe la mama nikaenda nyuma ya nyumba nikachimba. Mama akatoka na nguo za kuanika.

"Unapanda nini?"

"Sipandi kitu, mama."

"Sasa unachimba nini, kaburi?"

"Naangalia udongo unakwenda wapi."

Akasema, "Unakwenda kwenye shuka zangu, huko ndiko unakokwenda. Sogea."

Lakini nilipata nilichotaka. Nilijua sasa kwamba tuta linakuwa pana kuliko unavyodhani na linaporomoka usipolishindilia, na kwamba mtu akishachimba mikono inatetemeka, hata kikombe hakishiki vizuri, kwa hiyo kwenye gemu nikaweka kwamba askari aliyechimba anachoka na mkuki wake unakuwa mzito, na lazima kamanda achague, ujichimbie au uhifadhi nguvu. Nikaweka kwamba penye mwamba hapachimbiki. Nikaweka kwamba farasi akifika ukingoni anakataa. Na wachimbaji wangu, mshauri, hao nawapenda kuliko wapanda farasi wote wa gemu lile, ni watiifu, ukishawapa kazi hawageuki nyuma, wakianza handaki hawaachi mpaka wamalize.

Watu wakayapokea mahandaki yangu vibaya kwanza. Mmoja akaandika kwamba Mbavu ametugeuza mafuko wa kuchimba ardhi, kila mtu sasa anajifukia hakuna anayeshambulia. Nikamjibu. Na hapa ndipo lugha inapoingia. Kwa Kiswahili mimi mbele ya watu siwezi kusema hata nina kiu, mwalimu akiniita nisome sauti inatoka mpaka mlangoni mwa meno halafu inarudi, lakini kwa ile lugha ya shule, tena kwa maandishi, tena kwa jina la mtu mwingine, nakuwa mtu ambaye simjui, nabishana, nacheka, namwambia mtu mzima wa nchi ya mbali kwamba hajasoma vizuri. Na kwa sababu nimejifunza vitabuni naiandika kama kitabu, basi wao wanadhani mimi ni mhandisi mstaafu. Wananiuliza habari za mgongo wangu. Mimi nawajibu kwamba unaendelea vizuri.

Basi mahandaki yakapendwa. Kundi likapiga kura yaingizwe kwenye toleo jipya la gemu, lile kubwa, na kwenye ukurasa wa mwanzo liandikwe jina la aliyeyatengeneza, na toleo likishatoka halirudishwi, jina lililokaa limekaa.

Kaka akaja likizo na rafiki zake wawili wa chuoni. Tuko mezani, baba kichwani pa meza, mimi nimetoka jikoni na sinia la glasi za maji, na mmoja wa wale rafiki anamwambia baba, "Mzee, kwani hujui kama una mtu maarufu hapa? Huyu ndiye Mbavu wa mahandaki. Chuoni watu wanamwamkia." Akaeleza gemu, akaeleza mahandaki yangu, akaeleza farasi wanavyokataa, na alieleza vizuri, siwezi kumlaumu. Baba akageuka.

"Wewe? Umetengeneza wewe?"

Kaka akanitazama. Halafu akautazama ukuta. Akasema, "Ndiyo, ni mimi."

Na baba akacheka, mshauri. Alicheka kile kicheko chake cha zamani cha kupiga meza, glasi zikaruka kwenye sinia nililokuwa ndiyo kwanza nimelitua, akampiga kaka mgongoni akasema, "Kumbe kichwa kipo! Kipo, kilikuwa kimejificha tu!" Na kaka akatabasamu kama mtu anayeumwa jino. Na mimi, kama nilivyokuambia, nilishukuru, nikafikiri, haya, sasa hakuna atakayeniuliza kitu, sitasimama mbele ya mtu, nikagawa glasi, nikarudi jikoni na sinia tupu, na nilipofika kwenye sinki nikaliosha sinia ambalo halikuwa na uchafu.

Tangu siku hiyo nyumba haikaliki. Nikikaa nasimama, nikisimama nakwenda stoo, nikifika stoo nafungua kompyuta nafunga. Tukikutana koridoni na kaka tunakuwa kifua kwa kifua, vioo huku na huku, anasema, "Pita," nasema, "Pita wewe," na hakuna anayepita mpaka baba apige kelele kule karakana kwamba tunamvunjia vioo. Hatujaongea kuhusu jambo lenyewe hata neno.

Na sasa limekuja jipya. Msimamizi ametangaza kwamba Jumamosi, kabla toleo halijatoka, Mbavu atazungumza moja kwa moja, kwa sauti, aeleze mahandaki na ajibu maswali, wachezaji wote wasikilize. Mimi tangazo hilo nililiona nikazima kompyuta. Lakini yule rafiki wa kaka aliliona pia, akamwambia baba, na baba amesema Jumamosi anafunga karakana mapema, tutakaa wote stoo tumsikilize kaka. Amekwishapanga viti.

Juzi kaka akaja mpaka mlango wa stoo, hakuingia, akasimama anakuna bawaba.

"Kimya. Hivi udongo unatupwa ndani au nje?"

Nikasema, "Ndani."

"Kwa nini ndani?"

"Ukiutupa nje unampa adui pa kupandia."

"Aa," akasema, akaenda zake. Jana akaja tena kuuliza farasi wanakataaje. Nikamweleza. Mshauri, mimi mwenyewe ndiye ninayemfundisha! Kwa sauti ya chini, nikiwa nimempa mgongo, na yeye anasema "Aa," na hakuna kati yetu anayesema ni kwa nini anauliza.

Asubuhi hii nilifungua sehemu ya kubadilisha nywila, nikaandika nywila mpya, kidole kikakaa juu ya kibonye, kibonyeze tu na Jumamosi kaka afungiwe nje mbele ya baba na rafiki zake wote. Sikubonyeza, lakini kidole kilikaa pale muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri, nikajiogopa.

Nifanye nini? Nikisema, nitamnyang'anya kaka kicheko cha baba, na hicho kicheko hakijasikika nyumba hii mwaka mzima. Tena nikisema itabidi niongee mimi Jumamosi, kwa mdomo huu, na watu wakisikia sauti ya msichana badala ya mzee mwenye mgongo sijui watasema nini, na kusema kweli sijui kama sauti itatoka. Na nikinyamaza, jina litakaa pale na si langu, na kila nikifungua gemu nitaliona, na nahisi nitaacha kuandika programu kabisa, maana tangu siku ile sijaandika hata mstari. Naomba unijibu kwenye gazeti la Alhamisi. Usitaje mtaa.

Nasikia kandambili koridoni. Ni kaka, anaburuza mguu wa kulia. Kila nikisikia nyayo karatasi hii naisukuma chini ya kibodi, na sasa hivi mkono umeshakwenda, umeishika, umeiacha. Sijui kwa nini. Nimechoka kusukuma vitu chini ya vitu. Iko hapa mezani, maandishi juu, amesimama mlangoni, na mimi bado naandi

*(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:)*

Mshauri, shikamoo. Mimi ndiye Mbavu. Nilikuja kuuliza habari za vigingi, nikakuta nimeandikwa. Amenisukumia karatasi nikasoma yote, yeye amekaa ananitazama, hasemi, jina lake unalijua.

Sina cha kujitetea. Nilitaka kusema "si mimi", lakini baba alikuwa ameshaanza kugeuza kiti. Wewe humjui baba akikugeuzia kiti. Ukishasema ndiyo moja, ya pili inakuja yenyewe.

Ila kuna jambo nataka alijue, na naliandika hapa kwa sababu nikimwambia kwa mdomo atadhani nalipiza. Wiki hii nzima nimecheza gemu lake ili nisiumbuke Jumamosi, na lile boma la mahandaki yake lina ugonjwa. Ukiwavamia askari wakiwa katikati ya kuchimba, hawaachi jembe. Unawakata mmoja mmoja na aliyebaki anaendelea kuchimba. Nimeshinda kila vita kwa ujanja huo. Kwenye kundi hakuna aliyegundua, wote wanasubiri boma liishe ndipo washambulie, kama waungwana. Alirekebishe kabla toleo halijatoka, litamwaibisha. Yeye, si mimi.

Utuambie tuanzie wapi. Tumekaa hapa wote wawili na kila mmoja anamsubiri mwenzake. Baba anaita.

MSHAURI ANAJIBU

Kimya, mwanangu,

Barua yako nimeiruhusu iruke foleni, na walioandika kabla yako wanisamehe, wao hawana Jumamosi.

Kwanza nikujibu swali lako, maana naona ndilo linalokunyima raha kuliko hata jina. Ndiyo, mtu aliyeibiwa anaweza kushukuru, ikiwa kile alichoibiwa kilikuwa kinamtisha. Wewe hukushukuru kwa kuibiwa mahandaki. Ulishukuru kwa kuondolewa zamu ya kusimama mbele za watu. Hilo halikufanyi mbaya wala mwongo, linakufanya mtu mwenye haya, na haya si ugonjwa. Ila usijenge nyumba hapo.

Sasa nikukaripie kidogo. Umeniandikia kwamba unanyamaza kwa ajili ya kicheko cha baba. Mwanangu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kicheko hicho kina uhai mpaka Jumamosi swali la kwanza. Unajua kaka yako hawezi kujibu, unajua vizuri kuliko mtu yeyote, na bado unampa majibu mafupi mlangoni halafu unamwacha aende. Huko si kumlinda. Unamwandaa kijana aliyefeli mwaka jana afeli tena, safari hii baba akiwa amefunga karakana na kupanga viti. Na kile kidole chako juu ya kibonye kilikuwa kinakuambia kwamba sehemu yako moja inataka jambo hilo litokee. Umekiri mwenyewe, vizuri. Nywila usiiguse.

Wewe Mbavu, marahaba. Umechukua kitu cha mdogo wako mbele yake, naye ameshika sinia. Sitakupunguzia hapo hata punje. Lakini nimesoma ule upande wako wa karatasi mara kadhaa, kisha nikamwita mjukuu wangu anayecheza hayo magemu, mimi mwenyewe kompyuta naitumia kusoma barua zenu tu. Akaufungua huo mchezo, akawavamia wachimbaji, akapiga ukelele nyumba nzima ikasikia. Ni kweli wanachimba mpaka wa mwisho! Kundi zima la wajuzi halikuona, wewe umeona, kwa sababu hukucheza kama muungwana. Hilo ni lako, hukuliiba kwa mtu. Na ulipoligundua ungeweza kulinyamazia, toleo litoke na aibu impate mtu, ukaandika "yeye, si mimi". Hapo ndipo nilipoamua kwamba nyie wawili mnaweza kuongea.

Basi sikilizeni, na mfanye kwa mpangilio huu, msinibadilishie.

Leo hiihii, Kimya, mwandikie msimamizi wa kundi. Kwa ile lugha unayokuwa jasiri ndani yake, na kwa maandishi, hapo huna kisingizio. Mwambie mahandaki ni yako, wewe si mhandisi mstaafu, mgongo wako mzima, unasoma sekondari, na jina la ukurasa wa mwanzo libadilishwe. Shule yako na mtaa wako usimtajie, wala picha usimtumie, hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Barua ikishaandikwa, mama aisome kabla haijaondoka. Anafanya kazi mapokezi, anajua nani wa kuambiwa nini. Na umwombe radhi kwa zile shuka.

Jioni, kwa baba. Mbavu ndiye anayeanza, kwa sababu ndiye aliyesema "ni mimi". Aseme neno moja tu: "Si mimi, ni Kimya." Asiongeze hadithi ya jinsi ilivyotokea, hadithi ndefu ni za kujificha. Wewe Kimya utakuwepo, umekaa kitini kama watu wengine. Sinia uliache jikoni. Baba yenu huenda akanyamaza, na ile adabu yake ya wateja ikarudi usiku kucha. Muiache irudi, haijawaua mwaka mzima, haitawaua wiki hii. Kesho, wewe ndiye utakayemwambia baba kile ambacho kaka yako amegundua. Wewe, si yeye. Umfungulie gemu, umwonyeshe wachimbaji wanavyokufa, umwambie, "Hili nililikosea mimi, na aliyeliona ni huyu." Baba yenu ni fundi, maisha yake yote anashika kioo kwenye mwanga kutafuta ufa kabla mteja hajauona. Mtu anayeona ufa anamfahamu bila kutafsiriwa.

Jumamosi utazungumza wewe. Usinitolee macho. Mama akae stoo, karibu nawe, watu wa mtandaoni hata wakiwa wazuri ni wageni. Kaka yako akae upande wa pili, kazi yake kukusomea maswali, kujibu si kazi yake. Usianze kwa kuomba radhi kwamba una sauti ndogo, wala kwamba wewe ni msichana, wala kwamba lugha si ya kwenu. Anza na udongo. Sema udongo hutupwa upande wa ndani, kwa sababu ukiutupa nje unampa adui pa kupandia. Sentensi hiyo umeshaisema kwa mdomo wako, mlangoni, kwa kaka yako, na ilitoka. Itatoka tena. Ya pili itaifuata, na ikichelewa, ichelewe. Waliokudhania mzee wamezoea kukusubiri.

Limebaki la wachimbaji wako. Umeniandikia kwa fahari kwamba hawageuki nyuma, wakianza hawaachi mpaka wamalize. Kaka yako akakugeuzia karatasi akakuonyesha wanavyokatwa huku wanachimba. Mwanangu, nilipofika hapo nilivua miwani. Mtu amekuja mpaka mlangoni kukuchukulia kazi yako, akakuuliza udongo uende wapi, na wewe, umempa mgongo, ukamjibu "ndani" ukaendelea. Askari hao hukuwatoa kwenye kitabu cha historia.

Baba akishawaona, warekebishe kabla ya Jumamosi. Wafundishe kwamba akija mtu juu yao, jembe linawekwa chini na mtu anainuka, na handaki litasubiri. Ukishaandika mstari huo, na uwe wa kwanza kuuandika tangu siku ile ya sinia, zima kompyuta, tembea ubavuubavu mpaka mezani, baba yupo, ukae.